Kabla hujatia vema, umekiona?

Kila ikikaribia Juni, wadogo zangu wa chuo hunitumia ujumbe: "Dada, nimepata fildi kwa wakaguzi wa hesabu, nivae nini?" Vaa nguo ya heshima na viatu visivyokuumiza, basi. La kukukosesha usingizi si nguo, ni makaratasi.

Mimi nilifanya fildi, yaani mafunzo ya kazini, wiki nane katika kampuni ndogo ya ukaguzi mjini Unguja. Nilikwenda nikidhani nitawekwa mbele ya kompyuta nipige hesabu kubwa kubwa. Siku ya kwanza nikapewa maboksi matatu ya vocha (hati za malipo), kalamu ya kijani na orodha ya malipo 40. Kwa kila malipo nitafute vocha yake, nitazame ankara, tarehe, kiasi na saini ya aliyeidhinisha. Vyote vikiwepo, nitie vema.

Nilizipata 37. Tatu sikuziona, na jioni ilikuwa imeshaingia, daladala za kwetu zinajaa. Nikazitia vema zote. Asubuhi sinia wangu (ndivyo tulivyomwita mkuu wa kikosi, si sinia la pilau) akaipitia orodha, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Faili la Machi liko kwa watu wa kodi tangu wiki iliyopita. Hizi tatu wewe umezionea wapi?"

Hakunigombeza, na bora angenigombeza. "Vema yako ni ushahidi," akasema, akanirudishia kalamu. Tangu siku ile nisichokiona naandika "haijaonekana", na nawe andika hivyo hivyo. Hakuna aibu. Mara nyingi hilo ndilo jibu wanalolitafuta.

Kosa la pili lilikuwa la kiburi. Mazoezi yetu mengi darasani yalitoka kwenye vitabu vya Bara, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 18, nami nikaingia nayo hiyo hiyo kichwani. Nikapiga hesabu za mteja mmoja, mwenye duka, nikaona kila mwezi kalipa pungufu! Nikatengeneza jedwali zuri la Excel, nikalipeleka kama niliyeokota dhahabu. Sinia akalisoma mpaka chini. "Duka hili liko hapa au Kariakoo ya Dar?" Kiwango cha kawaida cha Zanzibar ni asilimia 15, na VAT ya hapa inasimamiwa na ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, nao wapo visiwani, lakini kwa kodi ya mapato na ushuru wa forodha. Mfanyabiashara mmoja, milango miwili ya kodi. Kwa hiyo kabla hujaripoti kazini, kaa na sheria za kodi za hapa japo siku mbili. Nakala zake zinapatikana mtandaoni.

Lakini lililonifunza zaidi halikuwa la hesabu. Tulipelekwa kwenye hoteli moja Nungwi kuhesabu stoo, tarehe 30 Juni, siku mwaka wao wa hesabu unapofungwa. Nikamkuta mzee wa stoo kakaa juu ya kreti la soda. Nikamwambia, "Naomba kadi za stoo." Hivyo tu, kavu. Akanijibu kadi zimefungiwa, ufunguo uko kwa meneja, na meneja hayupo. Nikasimama pale saa nzima nikitazama watalii wanapita.

Sinia alipofika alimwamkia shikamoo, akamuuliza hali ya nyumbani, wakaingia kwenye habari za upepo na bei ya nguru. Mimi nimenuna, naona wakati unapotea. Kumbe ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mzee muda wote. Akafungua, akatutolea kadi, na tulipofika kwenye friza la kamba, mimi nimeshaandika katoni tisa, akanigusa daftari: "Mwanangu, mbili za chini tupu. Nimeziweka kuinulia hizi nyingine." Tukazitoa, tukafungua zote. Saba. Bila salamu za sinia, katoni mbili za hewa zingeingia kwenye hesabu za mwaka na saini yangu chini yake.

Pesa: uliza kabla hujaanza. Sisi tulipewa nauli siku za kwenda kwa wateja tu, chakula juu yako. Wengine hawapewi kitu. Wanaokaa mashamba wakiungua na nauli za kila siku ndio wanaoacha katikati, kwa hiyo zungumza na nyumbani mapema.

Na lile daftari la fildi lijaze kila jioni. "Nilisaidia shughuli za ofisi" usiandike, halina maana. Mimi niliandika mpaka lile jedwali la asilimia 18, kosa na masahihisho yake. Mwalimu alipokuja kutukagua alipekua kurasa zote haraka haraka, akasimama pale. Akasoma, akacheka peke yake, akaniomba aipige picha ile kurasa akawaoneshe wa mwaka wa pili.