Pima Kwanza, Ndipo Ununue Kipuri: Kwa Fundi Anayeanza Kuwafuata Wateja Nakuru

Fundi mwenye gereji akikosea kipuri, humtuma kijana dukani na kazi ikaendelea baada ya nusu saa. Wewe unayelifuata gari hadi Njoro, Subukia au Molo huna nafasi hiyo, kwa kuwa kipuri kisichofaa kitakugharimu nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima ya kazi, na imani ya mtu aliyekungoja kando ya barabara tangu asubuhi. Ndiyo sababu jambo ninalowasisitizia vijana wanaoanza kazi hii ni kupima. Usibadilishe kitu chochote kwenye gari la mtu mpaka kipimo kikuonyeshe kwamba kitu hicho ndicho kibovu.

Mimi nilijifunza hivyo kwa aibu. Mteja wa Njoro alinipigia simu kwamba gari lake, Toyota Probox, haliwaki. Kila akizungusha ufunguo, stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, inatoa mlio mmoja kisha inanyamaza. Sikuuliza zaidi. Nilinunua betri mpya mjini, nikaenda nikaifunga, gari likawaka, nikalipwa. Siku ya tatu gari lilikataa tena, na safari hiyo nilikwenda na mita ya kupimia umeme. Betri ilisoma volti 12.6, yaani ilikuwa imejaa. Niliposhikiza waya mmoja wa mita kwenye ncha hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, kisha mteja akajaribu kuwasha, mita ilipanda kupita volti 2. Waya wa athi, yaani ule unaounganisha ncha hasi ya betri na injini, ulikuwa umeliwa na kutu pale unapofungwa kwenye injini, na umeme uliopaswa kufika kwenye stata ulikuwa unapotelea hapo. Betri ya zamani haikuwa na kosa lolote. Nilisugua kwa msasa, nikakaza boliti, nikamrudishia mzee yule fedha zake za betri.

Kwa hiyo jifunze namba chache hadi uzijue bila kufikiri. Betri iliyopumzika ikisoma 12.6 imejaa, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na ikiwa chini ya 12 ichaji kwanza kabla ya kuihukumu. Wakati stata inazunguka, betri isiyo na kasoro haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 au karibu na hapo, na kipimo kile cha waya wa athi kisizidi nusu volti. Injini ikishawaka, alteneta isiyo na kasoro, yaani mashine inayochaji betri, kwa kawaida hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5, ingawa katika baadhi ya magari mapya kompyuta hupunguza chaji kwa makusudi betri ikijaa, hivyo washa taa na feni upime tena kabla ya kusema alteneta imekufa.

Kazi ya kupima huanzia kwenye simu. Muulize mteja gari lilifanya nini mara ya mwisho kabla ya kuharibika, ni taa gani imewaka kwenye dashibodi, na kama kuna fundi aliyeligusa wiki hiyo; swali hili la mwisho limeniokolea safari nyingi. Kisha mwombe akutumie picha ya kibati cha gari chenye namba ya chesisi na aina ya injini. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na magari mawili yanayofanana kwa sura yanaweza kutofautiana ndani: Probox ya NCP50 ina injini ya lita 1.3, nayo NCP51 ina ya lita 1.5. Ukimwambia muuzaji jina la gari tu, umemwachia yeye akubahatishie.

Kwa gari linalochemka, kumbuka tuko wapi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi, wala si 100. Ukipanda kuelekea Mau Summit, kiwango hicho kinazidi kushuka. Kinachoyazuia maji ya radieta yasichemke mapema ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko chake. Kifuniko kilicholegea mpira kinaweza kulifanya gari lichemke mlimani huku likitembea vizuri kabisa mjini, na nimeona watu wakifunguliwa injini kubadilishiwa gasketi, yaani kiziba kilicho kati ya vipande vya injini, kwa sababu ya kifuniko cha bei ndogo. Kikague mapema, lakini usikifungue injini ikiwa moto, hata mteja akikuharakisha namna gani.

Kuhusu usalama sina simile. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Beba stendi mbili, vigingi vya magurudumu, na kipande cha ubao mgumu cha kuweka chini ya jeki, kwa maana udongo wa kando ya barabara zetu hudidimia mvua ikinyesha. Gari likiharibikia kwenye mteremko wa Salgaa au Sachangwan, livutwe kwanza hadi mahali tambarare palipo mbali na malori, hata kama kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Ukigusa mfumo wa petroli, toa waya wa betri na uwaondoe watazamaji wote. Sisi wa upande huu hatuwezi kuisahau Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, na moto ukaua zaidi ya mia moja.

Fedha ya vipuri ipokee kabla hujanunua, umpe mteja risiti ya duka yenyewe, na kipuri cha zamani umwachie mkononi ili aone kilichotolewa. Ukifunga magurudumu, kaza nati kwa kuvukisha, yaani moja kisha ile ya upande wa pili, si kwa kuzunguka duara, kisha umalizie gari likiwa limegusa chini. Endesha gari pamoja na mwenyewe kabla ya kuondoka, na umwombe azikague nati hizo tena akishatembea kilomita 50 hadi 100. Siku ya pili mpigie wewe umuulize kama amezikagua.