Mkoba wa Bibi Yako

Makorora, Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifika, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unauliza kama uje ujifungulie hapa nyumbani, mikononi mwa shangazi yako aliyefundishwa ukunga na bibi yako mzaa baba, au ubaki Dar es Salaam uende hospitali ile ambako rafiki yako alifokewa hadi akalia. Unaniambia kwamba kaka yako alizaliwa kule Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, juu ya kitanda cha kamba, akatoka mzima, nami nikaamka mzima. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonikesha, maana kumbe hatukuwahi kukusimulia sawasawa.

Ni kweli kaka yako alitoka mzima. Mwaka ule wa 1988 bibi yako alikuwa ameshapokea watoto wengi wa Bweni, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Hakunifokea hata mara moja. Alinikanda kiuno kwa maji ya moto, akanisomea dua, akaniambia nisisukume mpaka mwili wenyewe unitake nisukume. Mtoto alilia kabla ya adhana ya isha. Kisha tukangoja kondo la nyuma, nalo halikuja. Chai ilitengwa jikoni, ikachemka, ikapoa, na kondo halikuja. Bibi yako alinipa chupa tupu niipulize, akanisugua tumbo, na damu ikapita kanga ya kwanza, ikapita ya pili, hadi ikaanza kudondoka sakafuni katikati ya kamba za kitanda. Niliusikia ule mdondoko. Hadi leo bomba likivuja usiku hapa nyumbani siwezi kulala mpaka nilifunge.

Pantoni ilikuwa imeshalala ng'ambo, upande wa Pangani mjini. Baba yako na ami yako walinibeba na kitanda hicho hicho hadi ufukweni, wakanilaza katika mtumbwi wa jirani, na kwa kuwa maji yalikuwa yanakupwa, mto ulitukokota kuelekea baharini kila walipopumzisha kafi. Bibi yako alikaa kichwani pangu, kaka yako kifuani mwake, na mkono mmoja ameushika mkoba wake wenye wembe, uzi na mafuta ya nazi. Hakutamka neno. Huko ng'ambo nilitundikiwa dripu, daktari akaingiza mkono akalitoa kondo, baba yako akatolewa damu nikaongezewa mimi, na kulipopambazuka nilikuwa hai. Tuliporudi Bweni bibi yako aliutundika ule mkoba msumarini nyuma ya mlango wake, na hakuzalisha tena hadi alipofariki. Hakuna aliyemlaumu, mwanangu, lakini pia hakuna aliyemwambia kwamba hana kosa. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia, nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na hakika kama ninaamini hivyo.

Je, alikuwa na kosa? Kondo hukwama hata hospitali. Ila kule, mtoto akishatoka tu, mama hudungwa sindano ya oksitosini ili kizazi kijikaze na damu isimwagike, na dawa hiyo hutunzwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Jokofu la shangazi yako, unalijua, ni la barafu za ukwaju. Kondo likipita nusu saa bila kutoka, yupo mtu wa kulitoa. Mkono wa bibi yako ulikuwa mwema kuliko mikono yote iliyopata kunigusa, na usiku ule wema wake haukutosha.

Nikishaandika hivyo naona nimekujibu, kisha najipinga mwenyewe, kwa kuwa wewe nilikuzaa hospitali. Hospitali yenyewe sitaitaja. Mama yangu alizuiwa mlangoni na uji wake, nikabaki leba peke yangu, na nesi aliyepita aliniambia nisipige kelele, kwani si yeye aliyenituma. Ulitoka hali amenipa mgongo. Sindano nilidungwa, damu haikuzidi, na bila shaka daftari lao liliandikwa kwamba mambo yamekwenda vyema, nami nikalia siku tatu. Ndiyo maana nasema siku zote, na utanisamehe kwa kurudia: mzazi haachwi peke yake. Kabla ya kuniuliza kitanda kiwe wapi, niambie ni nani atakayekaa kichwani pako. Hata Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mwanamke awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe wakati wa uchungu, kwa hiyo usione haya kulidai hilo.

Umeandika pia kwamba Uholanzi wako wanawake wanaozalia nyumbani hadi leo. Wako, lakini mkunga wao amesomea, sindano ile huja nayo, mwenye presha au mapacha huelekezwa hospitali mapema, na gari la wagonjwa halingoji maji yajae. Hapa kwetu uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 81 hivi katika kila 100 huzaliwa kwenye vituo vya afya, ilhali mwaka 2010 walikuwa kama nusu tu. Sidhani kama akina mama hao wote walikwenda huko kwa kupenda kufokewa. Na kadi yako ya kliniki inasemaje kuhusu presha? Kifafa cha mimba hupenda mimba ya kwanza, na kipimo kikifika 140 kwa 90 usikipuuze kwa kuwa tu unajiona mzima.

Baba yako amenikataza nisikuamulie, kwa kuwa una mume na una akili zako, nami nimemwahidi, ingawa ahadi hii inanikereketa kooni. Hakunikataza kufunga mzigo. Nimeshatenga doti mbili za kanga, beseni, mpira wa kutandika na glovu. Niandikie tarehe waliyokukadiria kliniki, na uwaulize kama wanamruhusu mama kuingia leba. Wakikataa, kaulize hospitali ya pili, kisha ya tatu. Shangazi yako naye anataka kuja, nami nimemwambia aje akukande kiuno, maana hilo analiweza kuliko mtu yeyote aliyebaki katika ukoo wetu. Nauli ya basi la alfajiri, yangu na yake, nimeshaiweka.

Mama yako