Kwa nini PlayStation yangu inakataa sidii za kuchoma?

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko Arua, mjomba aliniachia PlayStation ile ya kwanza kabisa, ya kijivu. Sidii orijino inacheza vizuri lakini nikichoma kopi yake mashine inagoma, na kwa kompyuta mafaili yote yapo. Jamaa wa kibanda cha gemu anasema ni rangi, eti orijino ni nyeusi chini na yangu inang'aa. Mashine yake yeye inacheza kopi zote. Ni kweli?

JIBU: Hapana ndugu yangu, rangi haihusiki kabisa, leza, ule mwanga unaosoma sidii, inapenya ule weusi kama haupo. Na mafaili ya kopi yako hayana shida.

Sidii ina njia moja ndefu inayojizungusha kama koili ya mbu, kutoka katikati kwenda nje. Kwenye orijino, pale mwanzoni karibu na tundu, kiwanda kiliifanya njia iyumbeyumbe kidogo mno, na huko kuyumba ndiko kunakobeba herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Leza inabidi isogee huku na huku ili isiiache njia, mashine inausoma huo msogeo, ikikosa herufi za upande wake inakataa, ndiyo maana hata orijino ya Marekani inagoma kwenye mashine ya Ulaya. Sasa kompyuta yako inakopi data tu, na kuyumba si data, halafu sidii tupu unayonunua dukani njia yake ilishachongwa kiwandani, hakuna mashine ya kuchomea inayoweza kuibadilisha. Mimi hiyo akili naiheshimu sana, kufuli lenyewe liko kwenye umbo la sidii!

Mashine ya jamaa yako bila shaka ina chipu imechomelewa ndani na nyaya chache. Mashine ikitafuta zile herufi chipu inazituma yenyewe, basi. Chipu za kwanza zilikuwa zinatuma bila kunyamaza, gemu za baadaye zikaanza kuzinasa kwa kuangalia kama herufi zinafika wakati hazitakiwi, ndio zikaja chipu zinazotuma mwanzoni tu halafu kimya.

Nilipokuwa mdogo Kampala, fundi wa kibanda chetu hakuwa na chipu. Alikuwa anakunja karatasi anakandamiza kile kitufe cha kifuniko, mashine inadhani imefungwa, anaweka orijino, anategea masikio mpaka mzunguko upungue, halafu kwa vidole viwili anaitoa anaingiza kopi haraka sana. Sisi watoto tumenyamaza kimya! Inafanya kazi, ila usiizoee, inachosha mota na orijino yenyewe inachubuka.

Kinachoniuma ni kwamba kufuli hilo halijui tofauti ya mtu anayeuza kopi sokoni na wewe unayetaka kupumzisha sidii ya mjomba. Ukitaka chipu tafuta fundi anayejua kuchomelea nyaya vizuri, na umwambie kwanza namba ya modeli iliyo kwenye stika chini ya mashine, maana sehemu za kuunganisha nyaya zinatofautiana.