Naipa kompyuta imla, kisha yanisomea

Kazi yangu ni kupiga chapa nyumbani, hapa Majengo, Mombasa: barua za watu, maombi ya kazi, kadi za harusi. Mwaka jana kifundo cha mkono kiliniuma hata kushika sufuria nikawa siwezi. Mkono hauna likizo wala mimi sina mshahara, basi nikaanza kuisemesha kompyuta.

Fungua Google Docs, programu ya kuandikia, kwenye kivinjari cha Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja, uchague Kiswahili, cha Kenya au cha Tanzania. Bila intaneti hapaandikwi kitu.

Adui wa kwanza ni feni. Mwezi wa pili hapa nani atazima feni? Maiki ya kompyuta yenyewe ilikuwa yasikia upepo kuliko mimi. Nilinunua hedifoni za waya zenye maiki yake, nikaisogeza kando ya mdomo ili pumzi isiipige, na mambo yakatengenea. Tuktuk na kunguru bado, lakini hao wana saa zao.

La pili, usiseme neno moja moja kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mashine hubahatisha neno kwa kutazama majirani wake, kwa hiyo ipe sentensi nzima kwa mwendo wako wa kawaida. Nukta na koma weka mwenyewe kwa kidole. Mimi nilisema "nukta", ikaniandikia nukta, herufi tano kamili.

Ukimaliza, usiitume barua. Hifadhi kama PDF, ifungue kwa kivinjari cha Edge, bonyeza Ctrl, Shift na U, ikusomee. Sauti za Kenya ni Zuri na Rafiki, za Tanzania Rehema na Daudi. Mamangu, ambaye macho yamemchoka, humpenda Zuri ila asema ana haraka, basi nampunguzia mwendo. Sikio hunasa neno lililorudiwa au lililorukwa ambalo jicho lilishalipita mara tatu.

Lakini sikio la Mvita, lililozoea Kiswahili cha Mombasa, lina udhaifu wake. Mteja mmoja alinipa ujumbe kwa mkwewe wa bara, nami nikausema kwa mdomo wangu wa nyumbani: "Mkwe, ndoo mapema na jamaa zako." Kompyuta ikaandika vile vile. Zuri akasoma, nikaona sawa, mamangu akaona sawa. Jioni mkwe akapiga simu: alete ndoo ngapi, na za lita ngapi?

Tangu siku hiyo, kabla ya kutuma nabonyeza Ctrl na F, natafuta "ndoo" (njoo), natafuta "ndia" (njia), natafuta "mato" (macho). Juzi niliziona ndoo tatu katika barua moja nikaziacha. Mwenye barua alikuwa fundi wa mabomba, adai pesa zake.