Chati tisa, na bado andiko limerudishwa

SWALI: Kikundi chetu cha vijana tunakamua alizeti hapa Singida. Tumeomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ili tununue mbegu kwa wingi wakati wa mavuno. Andiko letu la kurasa 22, lenye chati 9 za rangi, limerudishwa. Tumeambiwa halieleweki. Tunaambatanisha nakala, tumekosea wapi?

JIBU: Hoja yenu ni nzuri, ila mmeifukia ukurasa wa 14: gunia mnalinunua sh 45,000 mwezi Juni na sh 80,000 Desemba. Hiyo ndiyo sababu ya kukopa. Ipandisheni ukurasa wa kwanza, pamoja na kiasi mnachoomba na jinsi mtakavyorejesha, kisha wekeni chati moja tu chini yake.

Chati yenu ya bei hizo ina kasoro kubwa. Mhimili wake, yaani mstari wa pembeni wenye tarakimu za bei, unaanzia 40,000 badala ya sifuri, kwa hiyo nguzo ya Desemba imekuwa ndefu mara nane ya ile ya Juni, ilhali bei haijafika hata mara mbili. Afisa anayeijua bei ya sokoni akiliona hilo, ataanza kutilia shaka hata tarakimu zenu za kweli. Anzeni na sifuri. Kichwa nacho kisiishie "Bei ya Mbegu", kiseme jambo: "Kununua Juni kunaokoa sh 35,000 kwa gunia, kabla ya gharama za ghala." Gharama hizo ziandikeni hapohapo, maana ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.

Chati duara ya matumizi ina vipande 8. Kipande cha asilimia 11 na cha 13 jicho haliwezi kuvitofautisha kwa urahisi. Tumieni nguzo za kulala, kubwa juu, ndogo chini, kiasi kikiandikwa mwishoni mwa kila nguzo.

Rangi pia zimewaponza. Andiko hupigwa fotokopi kwa ajili ya wajumbe, na nyekundu na kijani huweza kutoka kijivu kinachofanana. Jambo mnalotaka lionekane lipeni rangi nzito, mengine kijivu chepesi, na majina yakae kwenye nguzo zenyewe. Toeni kopi moja isiyo ya rangi kwanza mjionee.

Picha tatu za kikao ziondoeni. Inatosha moja ya mashine ikikamua, mafuta na mashudu yakionekana. Aliyepiga aitume WhatsApp kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na ikichapwa kwa ukubwa hutoka na ukungu.

Kuna kosa moja ambalo peke yake lingetosha kurudisha andiko: chati ya ukurasa wa 9 inasema jumla ni sh 12,400,000, jedwali linasema 13,100,000. Mliibandika chati kama picha, halafu mkarekebisha jedwali, na picha haibadiliki. Tengenezeni chati upya kila tarakimu inapoguswa, na kabla ya kuwasilisha, mwenzenu ambaye hakuandika ajumlishe yote tena kwa kikokotoo.