Maswali na Majibu: Kushukuru kwa Kutaja

Wiki hii nimechagua barua nne ambazo zote, kila moja kwa njia yake, zinauliza habari ya shukrani katika maisha ya kila siku.

Kila usiku huandika kwenye daftari mambo matatu ninayoyashukuru. Mwezi umepita na ninaandika yaleyale: uhai, afya, familia. Sioni mabadiliko. Ninakosea wapi? (Mama wa watoto wawili, Dodoma)

Hujakosea kuanza, dada yangu. Tatizo ni upana wa maneno unayoyaandika. Uhai na afya ni neema kubwa, lakini neno likiwa pana mno, moyo hulipita bila kusimama. Andika tukio: nani alifanya nini, lini, na kwamba hakulazimika kulifanya. Badala ya "familia", andika kwamba mwanao mkubwa alianua nguo mvua ilipoanza manyunyu, bila kutumwa na mtu, na kwamba alikunja hata zile za mdogo wake. Sentensi kama hiyo huwezi kuirudia kesho, kwa sababu kesho utalazimika kutazama upya.

Wala si lazima iwe kila usiku. Mwaka 2003, wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha utafiti ambamo kundi moja la wanafunzi liliandika mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki 10, hadi mambo 5 waliyoyashukuru. Wanafunzi hao walieleza kuridhika zaidi na maisha yao, walilalamikia maumivu machache zaidi ya mwili, na walifanya mazoezi kwa muda mrefu zaidi kuliko wenzao walioandika kero zao. Hata hivyo, tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba faida hii ni ya kiasi. Kwa hiyo, ikiwa huzuni imekuelemea hadi usingizi na hamu ya kula vimepotea, nenda kamwone daktari, na daftari liwe la kusaidia tu.

Mimi na mume wangu tuna miaka 14 ya ndoa. Yeye huleta, mimi hupika, na hakuna anayesema asante. Nikilitamka neno hilo ninaona kama ninajifanya mgeni nyumbani kwangu. (Msomaji, Mombasa)

Ninakuelewa, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba wajibu hauna shukrani. Lakini tulitazame neno lenyewe. "Asante" limetokana na Kiarabu "ahsanta", yaani "umetenda vyema". Kwa asili yake, basi, ni neno linalotambua tendo, na tendo halikomi kuwa jema kwa kuwa limerudiwa kwa miaka 14.

Bibi yangu hakuwahi kurudisha bakuli la jirani likiwa tupu. Mwezi wa Ramadhani, jirani akileta tambi za futari, bakuli lilioshwa, likafutwa kwa kitambaa safi, likatiwa ndizi mbivu mbili au tende chache, nami nikatumwa nalo pamoja na maneno niliyopaswa kuyafikisha kama yalivyo: "Bibi anasema iliki ya leo imekolea vizuri." Sikuruhusiwa kusema asante peke yake. Bibi alitaka jirani ajue kwamba tambi zake zimeonjwa na mtu aliyekuwa makini.

Fanya vivyo hivyo kwa mumeo. Mwambie umeona kwamba amelipa ada kabla shule haijawarudisha watoto. Hilo halina ugeni wowote, kwa sababu mgeni asingeweza kuliona.

Mwajiri wetu hajatulipa mshahara wa miezi miwili. Tukiuliza, tunaambiwa tushukuru kwamba tuna kazi. Je, ninakosa shukrani nikidai? (Kijana, Dar es Salaam)

Hapana, ndugu yangu. Shukrani hutolewa na aliyepokea; haidaiwi na aliyezuia. Mshahara ni haki yako chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na mgogoro wa namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nenda mapema na mkataba wako, maana kuna muda maalumu wa kuwasilisha malalamiko.

Nina mwalimu aliyenisaidia sana nikiwa darasa la sita. Ninataka kumshukuru, lakini imepita miaka mingi na ninaona haya. Huenda hata hanikumbuki. (Fundi cherehani, Mwanza)

Haya hiyo ni ya watu wengi. Amit Kumar na Nicholas Epley, katika utafiti wao wa mwaka 2018, waliwaomba watu waandike barua za shukrani na kubashiri jinsi wapokeaji watakavyojisikia. Waandishi walidhani wapokeaji wangeona aibu zaidi kuliko ilivyotokea, na furaha ambayo barua hizo zilileta waliikadiria chini.

Usihangaike na maneno mazuri. Taja mwaka, taja darasa, kisha taja tendo. Kama alikubakisha baada ya vipindi akakufundisha hesabu za sehemu hadi ukazielewa, liandike hilo, na umweleze kwamba leo ukikata kitambaa unagawa vipimo kwa hesabu hiyohiyo. Kama hakukumbuki, barua yako itamkumbusha. Ikiwa macho yake yamechoka kwa umri, mwombe mjukuu wake amsomee kwa sauti.