Maswali ya Gari: Altezza ya otomatiki na shilingi milioni moja na nusu

*Habari za kazi mafundi. Nina Altezza RS200 ya otomatiki. Nikikanyaga mafuta inajivuta, mpaka Vitz zinaniacha kwenye taa za Morocco hapa Dar es Salaam. Nimetenga shilingi 1,500,000. Wenzangu wananishauri filta ya koni na ekzosi kubwa. Nianze na kipi? – Msomaji, Mbagala*

Hivyo viwili viache kwanza. Injini yako ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 200, kumi tu pungufu ya ile ya manyuali. Shida ni kwamba nguvu hizo zinafika kileleni kwenye mizunguko kama 7,000 kwa dakika. Huko chini, ambako Vitz inaondokea, injini ya 3S-GE ni mvivu kwa asili. Ukiongeza giaboksi iliyochoka, ndiyo hiyo hali unayoiona.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ni ya giaboksi. Endesha dakika ishirini, egesha mahali tambarare, injini iendelee kuunguruma. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha gia kwenye kila nafasi kisha rudisha P. Vuta stiki ya kupimia mafuta ya giaboksi, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha, vuta tena usome alama ya joto. Tone moja lidondoshee kwenye tishu nyeupe. Likiwa jekundu, uko salama. Likiwa la kahawia kama chai ya rangi na linanuka kuungua, badilisha. Likifanana na juisi ya mapera iliyotiwa maziwa, usiwashe gari tena: kipoza mafuta kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka na maji yameingia kwenye giaboksi.

Giaboksi hii inataka ATF, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki, ya aina ya T-IV. Ukifungua nati ya sampo, yaani karai la mafuta chini ya giaboksi, zinatoka lita mbili hivi tu, nyingine zinabaki kwenye toki konveta, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi. Ndiyo maana kumwaga mara moja hakutoshi: mwaga, jaza kiasi kilekile kilichotoka, tembea kilomita mia mbili tatu, rudia, mpaka mara tatu. Mara ya kwanza shusha sampo, badilisha filta na utazame zile sumaku ndogo. Ute wa kijivu laini kama masizi ni kawaida. Ukikuta vipande vya chuma vinavyokwaruza vidole, hifadhi fedha zako, hiyo ni kazi ya kufungua giaboksi. Vilevile kama tayari inateleza, yaani mizunguko inapanda na gari haliendi, mafuta mapya hayataiponya. Na mwangalie fundi anapokaza boliti za sampo. Wengi wanazikaza kama za tairi, sampo inajikunja, baada ya wiki inavuja.

Kisha funga kipoza cha ziada cha ATF mbele ya rejeta, kwenye bomba linalorudisha mafuta kwenye giaboksi. Mipira iwe ya mafuta. Wa maji utalainika na kupasuka. Kwa foleni ya Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni, kifaa hiki kina faida kuliko ekzosi yoyote, kwa sababu joto ndilo linaloua otomatiki.

Sasa injini: plagi nne za iridiamu, kusafisha throto (mlango wa hewa ya injini), filta mpya ya hewa ya kawaida. Mkanda wa taimingi kama umepita kilomita 100,000, au hujui ulibadilishwa lini, uwahi huo kabla ya kuipeleka injini mizunguko 7,000. Filta ya koni ikikaa wazi ndani ya boneti inavuta hewa ya moto. Hewa ya nyuzi 60 ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 8 kuliko ya nyuzi 32 ya nje. Unalipia kelele, unapoteza nguvu. Ekzosi ukiitaka sana, bomba lisizidi inchi mbili na nusu, na masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, usiyatoe.

Fedha itakayobaki ni ya tairi 215/45R17. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba la miaka minane lina kashata (meno ya tairi) nzuri lakini mpira umekauka kama kigae, mvua ikinyesha utajua. Badilisha pia mafuta ya breki, weka ya daraja la DOT 4. Ya zamani yameshanyonya unyevu wa pwani na yanachemka mapema.

*Mark X yangu ya 2006, cc 2,500, imepungua nguvu na asubuhi inatetemeka. Nimeuziwa chipu ya kuchomeka chini ya dashibodi. Inasaidia? – Msomaji, Tabata*

Ifungue hiyo chipu. Nyingi zina taa inayowaka na kuzima, basi. Injini yako ya 4GR-FSE inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo petroli haioshi vali za kuingiza hewa na masizi yanajazana pale. Kwa sababu hiyohiyo dawa ya kumimina kwenye tangi haiwezi kuzifikia. Fundi atoe manifoldi, yaani mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini, azungushe injini mpaka vali za silinda husika zifunge, aloweke kwa dawa, akwangue na kunyonya uchafu kabla ya kuhamia silinda nyingine. Akiacha vali wazi, masizi yanadondokea kwenye pistoni. Na giaboksi yako inatumia ATF ya aina ya WS. Usikubali kuwekewa T-IV.

*Nikikata springi mizunguko miwili gari likae chini, kuna ubaya? – Msomaji, Kigamboni*

Upo. Springi iliyokatwa haikai sawa kwenye kikombe chake, na shokapu inagonga mwisho kwenye kila tuta. Nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari lako, na ukishazifunga peleka gari kwenye alaimenti siku hiyohiyo.